Kupima Unene wa Mbwa kwa Mkono



Mhariri amenitaka niandike somo moja juu ya wanyama wa nyumbani, kwa kuwa kazi yangu ni utabibu wa mifugo hapa Uganda. Kwanza nilifikiri kuandika habari za ng'ombe, maana ng'ombe ndiye mwenye heshima katika nchi yetu. Lakini ng'ombe ana watetezi wengi. Akikonda kidogo tu, mwenyewe hupiga mbio kumwita tabibu, kwa sababu ng'ombe ni mali. Mbwa hana bahati hiyo. Hulinda nyumba usiku kucha, na asubuhi hakuna amtazamaye. Basi nimemchagua mbwa, na katika habari zake nimechagua jambo moja tu: tutajuaje kama mbwa ana unene unaomfaa?

Huenda mtu akasema, "Hilo nalo ni somo? Si kila mwenye macho huona?" Nami najibu kwamba macho ndiyo yanayotudanganya. Katika kazi yangu nimeona mbwa mzima akiitwa mwenye njaa, mbwa mgonjwa akisifiwa kuwa ameshiba, na mbwa anayeumia akihesabiwa kuwa mwenye raha. Wote waliosema hivyo walikuwa watu wenye macho mazuri. Nitawaeleza njia ya kupima kwa mkono, ambayo haina gharama hata ya shilingi moja, kisha nitawasimulia habari za mbwa hao watatu.

Kwa nini mizani peke yake haitoshi

Watu wengi huniuliza, "Daktari, mbwa anatakiwa awe na kilo ngapi?" Swali hili halina jibu moja, kwa kuwa mbwa hawakuumbwa kwa kipimo kimoja. Chihuahua, mbwa mdogo wa asili ya Meksiko, hazidi kilo 3. Jemani Shepadi dume, yule anayetumiwa sana na polisi, huwa na kilo 30 hadi 40. Kilo 12 zingekuwa mzigo wa kumwua wa kwanza, na kwa wa pili zingekuwa mifupa mitupu.

Tazameni pia jirani zetu wa Kongo. Katika misitu yao yuko mbwa wa kuwinda ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Basenji. Habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Mwaka 1937 mbwa wa aina hii walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, na baadaye wafugaji wa huko waliandika kipimo chao: dume awe na kimo cha sentimeta 43 begani na uzito wa kilo 11, na jike sentimeta 40 na kilo 9 na nusu. Huyo ni mbwa mwepesi, mwenye miguu mirefu na kiuno chembamba. Mtu asiyemjua angemhurumia na kumwongezea chakula, na kumbe angekuwa anamharibu.

Mbwa wetu wa kienyeji wanafanana naye kwa mambo mengi, lakini hakuna aliyewaandikia kipimo. Baba yake hajulikani, na babu yake hajulikani. Mizani itatuambia ana kilo 14, lakini haitatuambia kama kilo 14 ni nyingi au ni chache kwake. Faida ya mizani ni nyingine: hutuonyesha mabadiliko. Mbwa aliyekuwa na kilo 14 mwezi uliopita, na leo ana 12, ana jambo. Lakini kujua kama leo yuko sawa, hapana budi tutumie mkono.

Njia yenyewe

Kabla ya yote, nawaonya. Usimshike mbwa asiyekujua, wala mbwa anayekula, wala jike mwenye watoto. Mbwa wako mwenyewe awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Sasa tuanze. Yako mambo matatu ya kufanya.

La kwanza ni mbavu. Simama nyuma ya mbwa, weka viganja vyako viwili ubavuni mwake, huku na huku, kisha vuta vidole polepole bila kubonyeza. Ili ujue unachokigusa, mkono wako mwenyewe utakuwa mwalimu. Nyosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini, upitishe vidole vya mkono wa kulia juu ya mgongo wa kiganja hicho, penye mifupa iendayo kwenye vidole. Utaisikia mifupa chini ya ngozi nyembamba, lakini haichomi. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa aliye sawa zinavyosikika. Sasa kunja ngumi, ukapapase vifundo vya vidole. Mbavu zikisikika hivyo, mbwa amekonda. Kisha fungua ngumi, geuza kiganja kitazame juu, ukapapase nyama iliyo chini ya vidole. Mbavu zikijificha hivyo hata ukalazimika kubonyeza ili uzipate, mbwa amenenepa kupita kiasi.

La pili ni kiuno. Mtazame mbwa kutoka juu, akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu mwili unatakiwa uingie ndani kidogo kabla ya kufika kwenye nyonga. Kama hauingii, bali umenyooka kama gogo au umetokeza nje, kuna mafuta. Kama umeingia mno hata mifupa ya nyonga imesimama kama pembe, kuna njaa au kuna ugonjwa.

La tatu ni tumbo. Chuchumaa umtazame ubavuni. Mstari wa chini unatakiwa upande kutoka kifuani kuelekea miguu ya nyuma. Tumbo likiwa sawa na kifua, au likining'inia chini yake, uliza kwa nini.

Ukimaliza hayo, papasa na uti wa mgongo na mapaja. Hapo hutafuti mafuta, unatafuta nyama. Mbwa mzee aweza kuwa na mafuta ubavuni na huku nyama ya mgongo imekwisha, na huyo hafai kuachishwa chakula ovyo. Papasa pia shina la mkia, maana mafuta hupenda kujikusanya hapo.

Kumbuka kwamba manyoya marefu huficha mengi. Mbwa wa manyoya mengi aweza kuwa gofu la mifupa na asijulikane mpaka aoshwe. Kumbuka pia kwamba jike mwenye mimba hubeba kwa siku kama 63, na tumbo lake halihukumiwi kwa sheria hii.

Daraja 9

Ili matabibu wasemezane kwa lugha moja, hesabu ilihitajika. Mwaka 1997 tabibu wa wanyama wa Marekani, Dottie Laflamme, alitangaza kipimo cha daraja 9, nacho hutumika mpaka leo katika nchi nyingi. Daraja la 1 ni mbwa ambaye mifupa yake yote yaonekana kwa mbali na nyama yake imepungua. Daraja la 9 ni mbwa mwenye mafuta mazito shingoni, mgongoni na kwenye shina la mkia, na tumbo limejaa. Aliye sawa yuko katika daraja la 4 au la 5: mbavu zaguswa bila taabu, kiuno chaonekana, tumbo limepanda. Katika daraja la 6 na la 7 mbavu zaanza kupotea. Katika daraja la 3 zaguswa upesi mno, na nyonga zajitokeza.

Wanafunzi wawili wakimpima mbwa mmoja kila mtu peke yake, bila kuambiana, mara nyingi hutofautiana kwa daraja moja tu. Hiyo ndiyo sifa ya kipimo kizuri.

Mbwa watatu

Wa kwanza alikuwa wa mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika shule ambayo sitaitaja. Walikuja wageni wenye kusaidia shule, wakamwona mbwa wake, wakasikitika. Walisema mzee anamtesa mnyama, na kwamba afadhali anyang'anywe mbwa, na kazi ya ulinzi apewe mtu mwingine mwenye huruma. Niliitwa nikamwangalie. Mbavu mbili za mwisho zilionekana, ni kweli. Lakini nilipopitisha mkono, zilikuwa kama mgongo wa kiganja. Mapaja yalikuwa magumu, ufizi ulikuwa mwekundu wa kupendeza, macho maangavu. Nilimwuliza mzee chakula chake. Akasema, "Posho na mukene, asubuhi na jioni, kisha twatembea seng'enge yote pamoja mpaka alfajiri." (Mukene ni wale dagaa wa ziwani.) Nilimwandika daraja la 4. Mzee akacheka, akasema, "Daktari, hata mimi ni mwembamba, lakini hakuna mgeni aliyemwambia mke wangu kwamba ananinyima chakula." Kazi yake ilibaki, na mbwa wake alibaki.

Wa pili alikuwa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, katika kijiji kando ya Ziwa Victoria. Mwanafunzi wa darasa la tano alimleta kwa fahari, tumbo likiwa duara kama mpira. Akaniambia, "Shikamoo, daktari. Tazama huyu, ndiye aliyeshiba kuliko ndugu zake." Nilipouliza ndugu zake wako wapi, alisema wawili wamekufa mwezi ule ule, na nyumbani walidhani ni baridi. Nikauchukua mkono wake nikauweka ubavuni mwa yule mdogo. Mbavu zilikuwa kama meno ya kitana, na uti wa mgongo kama msumeno. Ufizi ulikuwa mweupe kama jivu. Lile tumbo halikuwa shibe, lilikuwa minyoo. Na ule weupe wa ufizi ulitokana na safura, minyoo midogo inyonyayo damu matumboni. Nilimpa dawa, na kesho yake ilitoka minyoo mirefu kama tambi. Akapona. Tangu hapo kijana yule huwafundisha wenzake: tumbo kubwa na mbavu kali pamoja ni minyoo mpaka ithibitike vinginevyo. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha yao, na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wafike wiki nane, na baada ya hapo tabibu ataeleza. Nanyi oshani mikono, kwa sababu baadhi ya minyoo hiyo humdhuru na binadamu.

Wa tatu alikuwa Popi, mbwa wa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekaa mjini peke yake baada ya watoto wake kuhamia mbali. Popi alikuwa na umri wa miaka 7 na uzito wa kilo 19. Mchana alihema kwa shida, na ngazi tatu za baraza zilimshinda. Majirani walisema ni uzee. Mama alikula chapati, Popi akapata kipande. Alikula nyama, Popi akapata mafuta yake. Alikunywa chai, Popi akapata andazi. Nilitafuta mbavu, sikuzipata mpaka nilipobonyeza. Nilimwandika daraja la 8. Nilipomweleza, machozi yalimlengalenga, akasema, "Mwanangu, nikimnyima, atadhani simpendi."

Nilimjibu, "Mama, mbwa hapimi ukubwa wa kipande, hufurahia kukumbukwa. Mkumbuke mara zile zile, lakini kwa kipande kidogo." Basi tukapatana hivi. Chakula chake cha siku kipimwe kwa kikombe kimoja kisichobadilika, andazi na mafuta viondoke, na kila akiomba mezani apewe kipande cha karoti kama ukucha wa kidole gumba. Jioni watembee pamoja, kwanza mpaka kwenye mti wa mwembe, kisha mpaka barabarani. Kila Jumamosi apimwe kwenye mizani ya duka. Kwa muda wa miezi mitano zilitoka kilo 4. Popi akawa na kilo 15, na ule uzee walioutaja majirani ukapungua pia, maana alipanda ngazi za baraza mwenyewe.

Kwa nini jambo hili si dogo

Wako watakaosema kwamba mbwa mnene ni mapambo ya nyumba yenye neema. Wahenga walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Yote mawili humpata mbwa. Nitawapa ushahidi.

Huko Marekani wataalamu wa kampuni ya Purina waliwachukua watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador, wakawapanga wawili wawili, ndugu kwa ndugu. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, tangu utoto mpaka kufa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Katika kundi lililokula zaidi, nusu ya mbwa walikuwa wamekwisha kufa walipofika umri wa miaka 11.2. Katika kundi la chakula pungufu, nusu ilifika miaka 13. Tena hao wa pili walichelewa sana kupatwa na maumivu ya viungo. Na wale wa kwanza hawakuwa wanene wa kutisha, walikuwa wanene kiasi tu, kama mbwa wengi tunaowasifu. Karibu miaka miwili ya uhai ilipotea ndani ya bakuli.

Wala msidhani kwamba mbwa anayeomba daima ana njaa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba Labrador mmoja katika kila wanne, kwa kukadiria, ana kasoro katika chembe za urithi inayoambatana na uzito mkubwa na tamaa ya chakula. Macho yake yataomba hata akiwa ameshiba. Hapo tena macho yanadanganya, safari hii macho ya mbwa mwenyewe.

La kufanya

Mbwa akiwa daraja la 6 au zaidi, usimfungie chakula ghafula. Punguza kidogo kidogo, apoteze asilimia 1 au 2 tu ya uzito wake kwa wiki. Ondoa kwanza makombo ya mezani, maana chapati moja kwa mbwa wa kilo 10 si chapati moja kwa mtu wa kilo 60. Mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa, kwa kuwa vitunguu huharibu damu yake. Wala mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mwendo uongezwe polepole, asubuhi mapema au jioni, kwa sababu mbwa mnene hushindwa upesi na jua.

Akiwa daraja la 3 au chini yake, jiulize maswali mawili. Je, anapata chakula cha kutosha, na je, ni yeye anayekila au ni mbwa mwenzake? Posho tupu humjaza tumbo lakini haimjengi nyama. Achanganyiwe mukene, maharagwe yaliyoiva vizuri, au utumbo uliopikwa. Kama anakula vya kutosha na bado anakonda, usiongeze chakula tu. Mpeleke kwa tabibu, maana huenda ni minyoo, au magonjwa ya kupe, au, katika sehemu zenye mbung'o, ugonjwa uenezwao na mbung'o.

Ng'ombe akikosa malisho huvunja ua akajitafutia. Mbwa aliyefungwa mnyororo hula kile tu tunachomwekea, kikiwa kingi au kikiwa kichache. Kwa hiyo mwili wake ni taarifa ya mwenendo wetu sisi, na kila mwezi yafaa tuisome kwa mkono.

Mazoezi

1. Mwanafunzi ana uzito wa kilo 48 na nusu. Akimpakata mbwa na kusimama kwenye mizani, mizani yaonyesha kilo 65. Mbwa ana kilo ngapi? Kama yuko daraja la 7, na apoteze asilimia 1 kwa wiki, wiki ya kwanza atapoteza gramu ngapi?

2. Mtoto wa mbwa ana tumbo kubwa, mbavu kali na ufizi mweupe. Utamwambia nini mwenyewe anayemsifu?

3. Mpime mbwa wa nyumbani kwenu wakati wa likizo, wewe na ndugu yako, kila mtu peke yake. Andikeni daraja mlilompa, na sababu zenu tatu: mbavu, kiuno na tumbo. Majibu yapelekwe kwa mhariri muhula ukifunguliwa, nami nitayasahihisha.